Kulazwa Jua Likiwa Juu

Saa kumi na moja jioni Leanne, mhudumu wa wagonjwa majumbani, aliingia mbiombio, kama kawaida yake. Alimvua Bibi Mavis Ormerod viatu, akamvalisha nguo za kulalia, akamlaza.

"Samahani, bibi," alisema akifunga mapazia. "Kuna wengine wananisubiri."

"Nenda, mwanangu. Mimi sina neno."

Ilikuwa Julai, na jua la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, halikuwa na haraka ya kuzama; kiangazi huko giza huingia karibu saa nne usiku. Nje watoto walicheza mpira. Majirani walikuwa wametoa viti milangoni, wakipiga soga. Mavis alivunjika nyonga wakati wa baridi, na hakuweza kuinuka peke yake; mchana alishinda kwenye kiti cha magurudumu. Alilala akitazama dari mpaka giza likaingia.

Wiki hiyo alipigiwa simu kutoka halmashauri. "Kwa jumla, unaridhika na huduma unayopata nyumbani?"

"Naridhika sana, mpenzi. Asante kwa kuuliza."

Jumamosi jirani yake, Hilda Thwaite, alikuja na keki. Hilda ni diwani. Yumo katika kamati ya halmashauri inayofuatilia afya na huduma za jamii.

"Mtaa wetu umepata alama nzuri," alisema akimimina chai. "Karibu kila mtu anaridhika."

"Anaridhika nani? Mimi nalazwa kabla ya kuku!"

Hilda aliweka birika chini. "Ulipoulizwa ulisemaje?"

"Nilisema naridhika."

"Mavis! Unanidanganya hata mimi shoga yako?"

"Sikukudanganya wewe, niliidanganya simu. Mtu mzima ataanzaje kumlilia mgeni? Na wakimfukuza Leanne je? Yule binti ana mikono ya upole. Nikimkosa, nitaletewa nani?"

"Sikiliza. Halmashauri imeipa kampuni kazi ya kuwahudumia. Kila miezi mitatu kamati yetu inakagua. Wahudumu walifika? Wangapi walirudishwa hospitali? Wanaohudumiwa wanasemaje? Kisha tunawahoji wakubwa wa kampuni mbele ya watu. Ratiba wanapanga wao, si Leanne. Lakini nyote mkisema 'sina neno', mimi nitauliza nini?"

Mavis alitafuna polepole. "Keki yako kavu."

"Ahaa! Kumbe ukweli unaujua!"

Jumatatu Mavis aliipigia halmashauri simu mwenyewe. "Nilisema naridhika. Siridhiki. Msichana ni mzuri, saa ndiyo mbaya."

Kamati ilipokutana, Hilda aliomba watu waulizwe upya, na swali libadilishwe: "Ungependa kulala saa ngapi?" Majibu yalimiminika. Wengi walikuwa wakilazwa mchana kweupe, na wote walikuwa wamesema hawana neno. Wakubwa wa kampuni waliitwa kujieleza. Walikiri kwamba zamu ya usiku haikuwa na wahudumu wa kutosha. Wakaagizwa kuongeza watu, na kamati ikapanga kuwakagua tena.

Jioni moja ya Agosti Leanne alifika saa tatu usiku, akakuta nyumba tupu. Akatoka mbio barabarani. Ng'ambo, mlangoni kwa Hilda, Mavis alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, karata mkononi.

"Bibi! Umenitisha. Twende ukalale."

"Kaa kwanza upumue, mwanangu," alisema Mavis. "Siondoki hapa mpaka nimfunge huyu diwani."