Siku Aliyoichagua Kapita

Niliteremka kwenye treni pale Kasebe jua likizama, kikapu mkononi, na kitovu kinaniuma.

Kitovu nilikipuuza. Tangu Kindu asubuhi nilikuwa nimekula kipande kimoja tu cha muhogo, na treni yetu ya kuni ilikuwa imesimama kila penye kuni. Nilichojali ni kikapu. Nilifunua jani la mgomba nikachungulia. Maua ya pamba yalikuwa bado meupe.

Anayelima pamba anajua kwamba ua lake hufunguka asubuhi likiwa jeupe, na kesho yake huwa jekundu, lipende lisipende. Hapo hapana uchawi. Uchawi ulikuwa kwenye haya niliyoyabeba mimi. Mama aliyachuma alfajiri nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Mikelenge kule Kindu, akayapeleka kwa mwalimu Assani, msoma nyota, na mwalimu akatupa sharti moja. Yamfikie mwenyewe yakiwa meupe. Yakiwa mekundu njiani, kilichomo kinabaki kwa mchukuzi.

Mama yangu, Marie-Louise, Jumapili alikuwa mtu wa mapadri na siku zilizobaki alikuwa mtu wa mwalimu Assani. Sikumcheka. Mfa maji hukamata maji.

Mwenyewe alikuwa kapita Florentin, mnyapara wa pamba wa Kasebe. Maua yalikuwa zawadi yake ya siku ya kuzaliwa.

Nieleze mapema, maana hasira yangu haijawahi kuwa na subira. Baba yangu aliitwa Okito. Alikuwa mkulima hapo Kasebe miaka ile wazungu walipomlazimisha kila mtu kulima shamba la pamba. Ua lilikuwa halichumwi, kwa sababu kila ua ni tunda, na kila tunda ni la kampuni. Asubuhi niliyozaliwa mimi, baba alikuwa shambani. Walipomwita aje amwone mtoto, alichuma ua moja aje nalo nyumbani. Moja tu. Florentin, wakati huo kapita kijana, akamkuta nalo njiani.

"Lala chini," alimwambia.

Baba akalala. Mama alikuwa kitandani na mimi mchanga kifuani, akiisikia fimbo. Jioni baba alikuwa amekwisha kufa. Mzungu wa kampuni alipendezwa sana na ukali wa kijana yule, na siku ile ile akamzawadia baiskeli.

Miaka ikapita. Florentin akataka kuwa evolwe, Mwafrika mwenye kadi ya ustaarabu, mwenye suti na gramafoni. Wakamwuliza alizaliwa lini. Alikuwa yatima aliyelelewa misheni, hakujua siku yake wala mama yake. Akataja siku ya baiskeli. "Ile siku njo nilizaliwa," alikuwa akijigamba, na kila mwaka alifanya karamu ili Kasebe nzima ije imwone akikata keki kama mzungu.

Sasa, mwalimu Assani akitaka kumfunga mtu kwa dawa huuliza jina lake na jina la mama yake. La mama yake Florentin hakuna aliyelijua. Basi mwalimu akasema aletewe siku yake, inatosha. Mama akamtajia siku ya karamu. Maua yakasomewa siku hiyo, yamtafute aliyezaliwa siku hiyo, yamtoe duniani kupitia kitovu alichokuja nacho.

Na sisi, nani kwetu alikuwa akihesabu siku za kuzaliwa? Hayo yalikuwa mambo ya wazungu na ya watu kama Florentin. Kwa mama, siku ile ilikuwa siku ya kifo cha baba, basi.

Yeye hakuweza kwenda, Kasebe wangemtambua. Mimi niliondoka pale nikiwa mgongoni mwake, hakuna aliyenijua. Nilienda kwa moyo mweupe kabisa. Nilimchukia Florentin kabla sijaota meno.

Njia ya kwenda kwake ilipita katikati ya mashamba. Wakulima walikuwa wamekwisha kurudi majumbani. Mbele, mbali kidogo, nilisikia gramafoni na vicheko. Kitovu kikachoma tena, safari hii kama mtu anavuta uzi kutoka ndani. Nilishika kitenge kiunoni. Kilikuwa kimelowa.

Nikatazama vidole.

Damu.

Nilifunua kikapu upesi. Ua la pembeni lilikuwa limeanza kuiva ncha, rangi ya fizi. Nikiwa bado natazama, la pili likashika. Kisha la tatu... Nilikimbia. Kukimbia kukazidisha maumivu, nikabaki natembea nimejikunja, kikapu nimekibana. Niliogopa, sikatai. Lakini zaidi nilikasirika. Dawa ya kumwua adui yetu inanifanya nini mimi?

Ndipo nikasikia jembe.

Kwa... kwa... kwa...

Hakuna mtu anayelima saa ile. Ilinijia harufu ya udongo uliotoka kupinduliwa, na chini yake harufu nyingine, ya nyumba ya mzazi: damu, mawese na moshi wa kuni. Mwanamume alikuwa amesimama kati ya mistari ya pamba, kanipa mgongo. Shati lake lilikuwa limegandamana na mgongo, likiwa na michirizi myeusi kutoka bega hadi kiunoni.

Jembe likanyamaza. Hakugeuka.

"Unapeleka wapi ile maua?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyelala kifudifudi.

"Kwa kapita," nikanong'ona. "Njo siku yake ya kuzaliwa."

"Ile siku haiko yake."

Gramafoni kule mbele iliendelea kuimba. Nilijua jibu kabla sijauliza, nikauliza tu.

"Iko ya nani?"

"Yako."

Nikapiga magoti kati ya mistari. Mama alikuwa amempa mwalimu siku yangu. Florentin aliichagua, lakini mimi ndiye niliyezaliwa ndani yake, na maua hayakudanganywa na kadi ya mtu. Yalikuwa yamemfikia mwenyewe tangu alfajiri, mama aliponikabidhi kikapu mlangoni akaniambia niende salama.

"Nilichuma moja tu," mwanamume alisema. "Kwa ajili yako. Haikufika."

Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Leta, mama."

Hivyo ndivyo baba za kwetu wanavyowaita mabinti zao. Sijawahi kuitwa hivyo na mtu, kabla ya siku ile wala baada yake. Nilimpa kikapu. Vidole vyake vilikuwa baridi, na kucha zimejaa udongo. Maumivu yakakatika palepale. Na maua, kwa macho yangu haya, yakarudi kuwa meupe, moja baada ya jingine.

Akatangulia. Nilimfuata kwa mbali, kitenge kimenigandia tumboni.

Uwanja wa kapita ulikuwa umejaa watu. Alipita katikati yao na hakuna aliyempisha wala aliyegeuza shingo. Florentin alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa, suti nyeupe, mkewe Françoise pembeni akigawa vinywaji. Sikuona kikapu kikiwekwa. Niliona tu kwamba kipo mapajani mwake, naye anacheka, anauliza nani amemletea. Akachagua ua moja zuri akalichomeka kwenye koti.

Gramafoni ikaanza kulegea. Sauti ikazama... ikazama... Hakuna aliyeizungusha.

Kimya.

Halafu mtoto mchanga akalia.

Kilikuwa kile kilio chembamba cha kwanza, cha kiumbe ambacho hakijajua kuna hewa. Watu walitazamana, pale hapakuwa na mtoto mchanga. Françoise ndiye aliyeangusha sinia. Florentin alikuwa amejikunja kwenye kiti, magoti kidevuni, ngumi zimefumbwa, mdomo wazi. Suti nyeupe ilikuwa nyekundu tumboni, pale kwenye kitovu. Kilio kilitoka kwake.

Watu walikimbia. Mimi nilibaki nimesimama, nikatazama mpaka nikashiba.

Nilirudi Kindu kwa treni ya asubuhi. Mama alikuwa akinisubiri mlangoni, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama maua yalifika meupe. Nikamwambia yalifika. Kisha nikamwonyesha kitenge, nikamweleza aliyekutana nami shambani na alichosema kuhusu siku ile. Mama hakulia. Aliketi chini, akashika tumbo langu kwa mikono yote miwili, na hakuliachia mpaka jua lilipozama.

Kuhusu Florentin, madaktari wa kizungu walisema ni mshtuko wa ubongo. Mwalimu Assani alisema Florentin mwenyewe alitaka azaliwe siku ile, basi amezaliwa. Mtu mwenye ndevu akawa analishwa uji, anafungwa nepi za mashuka. Mwaka uliofuata, siku ilipofika, nilichuma maua meupe yasiyo na dawa yoyote, nikayatuma Kasebe kwa treni. Nilifanya kwa ubaya tu, kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Nikasikia kwamba asubuhi iliyofuata alisimama dede. Mwaka wa pili nikatuma tena, akaanza kusema. Nikawa natuma kila mwaka.

Juzijuzi Françoise alikuja Mikelenge; watu wa stesheni walimwelekeza kikapu kinakotoka. Alikuwa amezeeka vibaya. Nilimkaribisha, nikampa maji, akayashika asinywe. Alinieleza kwamba mumewe sasa ana akili ya mtoto wa miaka saba, anacheza na vibuyu, ni mpole, hakumbuki fimbo wala pamba. Anaongezeka mwaka kila maua yanapofika, na aliamini kwamba yasipofika hataongezeka. Na kila magharibi anaona mtu mlangoni, ameshika jembe, anamtazama bila kufanya kitu.

"Mutoto alimuuliza anangoja nini," Françoise alisema. Alikuwa akimwita mumewe mtoto. "Akamujibu: mimi sipigi mutoto. Komea kwanza, ukuwe mukubwa."

Alipiga magoti kwenye sakafu yangu, mwanamke aliye umri wa mama yangu. Aliomba niache kutuma. Akibaki mdogo hataguswa, na yeye atamlea hivyo hivyo hadi kufa.

Nikamwahidi. Alinitia huruma yeye, si mumewe.

Siku ilipofika sikuchuma. Nilishinda nikifua nguo za watu, nikijiambia kwamba kisasi nacho kina mwisho. Jioni nilipofungua mlango nimwage maji, nililikuta kizingitini. Ua moja la pamba, ambalo mimi sikulichuma, mama hakulichuma.

Jekundu.

Nilishika kiuno. Kitenge kilikuwa kimelowa. Nyuma ya nyumba, kwenye mistari yetu ya pamba, kulikuwa na mtu analima polepole... kwa... kwa... Sijui kama baba alikuwa ameniletea zawadi yangu, au alikuwa amekuja kuniuliza kwa nini mtoto wake mwingine, yule wa Kasebe, hakui.

Nililala nimejikunja, nikaamka kabla ya treni. Maua mapya yalikuwa yanafunguka, meupe, na umande juu. Nilichuma kikapu kizima nikakipeleka stesheni. Na nisikudanganye wewe unayesoma, sikuchuma kwa hofu peke yake. Florentin ametimiza nane, nami namtakia miaka mingi.