Mgeni wa Geti Jekundu

Kitanda cha Raudha kilikuwa cha chuma. Kilichomelewa na fundi wa palepale mtaani, Chapwa, miguu minne imetulia sakafuni kama imepigiliwa, na ukikisukuma kinakwaruza saruji tu. Hakikuwa na namna ya kubembea. Ndiyo maana Fauzia, aliyekuwa jikoni akimenya viazi asubuhi ile, alisimamisha kisu akasikiliza. Chumbani kulikuwa na kitu kinabembea. Ngwee, kimya, ngwee, kimya, mlio wa mbao kavu na kamba, wa mtu asiye na haraka.

Akaenda kuchungulia. Mtoto amelala, kitanda kimetulia, pazia limetulia. Harufu tu ndiyo haikuwa ya nyumba ile. Tunduma inanuka dizeli na vumbi. Bahari iko mbali mno, mtu anaweza kuzeeka hajaiona. Na mle chumbani palinuka matope ya chumvi na udi wa zamani.

"Bomba la choo hilo," alisema mumewe, Salum, bila kuinua macho kwenye simu. "Mafundi wa huku washamba. Nilisema nilete fundi kutoka Tanga."

Ndivyo alivyokuwa. Kwake kila kitu kilikuwa cha kishamba, na kila mtu. Alikuja Tunduma na begi moja, akapata malori, akajenga nyumba ya geti jekundu, na tangu hapo shavu lake la kushoto lilizoea kupanda juu kwa dharau mpaka hata akilala lilibaki juu.

Walikuwa ndio kwanza wamerudi kutoka Dubai. Salum alikwenda kutafuta vipuri, akamchukua mkewe na mtoto ili watu waseme kwamba amewachukua. Ijumaa maduka yalipofungwa asubuhi, Fauzia akamwomba waende ule mtaa wa makumbusho ulio kando ya hori, mkono wa bahari unaoingia mjini, ule alioona picha zake hotelini. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na historia aliipenda. Basi wakaenda, na palikuwa pazuri jamani, nyumba za kale za rangi ya mchanga zenye minara ya kunasa upepo, wachoraji wameketi vibarazani, picha kubwa ukutani, vyombo vya watu wa zamani ndani ya vioo, na maji yanametameta mwisho wa kila kichochoro. Salum alitembea humo kama mtu aliyetukanwa.

"Watu wazima wanapanda ndege kuja kuangalia kinu! Tena kimepasuka. Bibi yangu anacho kizima, mbona hakuna anayempiga picha?"

Mbele ya mchoro mmoja akasimama, shavu likapanda. "Hii nayo ni ya kuonyesha watu? Raudha akimwaga uji anachora kuliko hapa."

Nyumba ya mwisho ilikuwa na chumba kimoja chenye giza giza. Ndani yake walikuwa wameweka sanamu ya plasta, bibi mzee ameketi sakafuni, ushungi mweusi, na mkononi kashika kamba iliyofungwa kwenye susu, kile kitanda cha mbao cha kubembezea mtoto. Susu lilikuwa tupu. Mama mmoja wa Kiomani aliyekuwa akisimamia pale, ambaye mama yake alizaliwa Unguja, aliwasikia wakiongea akawajia na Kiswahili chake kitamu.

"Huyu alikuwa yaya wa mtaa," akasema. "Wanaume wakienda kuzamia lulu, wanawake wakienda visimani, watoto wote kwake. Husemwa alikuwa hapendi kuwarudisha."

"Anaongea?" Salum akauliza huku anacheka.

"Haongei. Lakini sisi hapa hatumsemeshi."

Ungemwambia Salum neno jingine lolote, lakini si hilo. Akainama juu ya ile kamba ya kuzuia watu, akamnyooshea sanamu kidole.

"Shikamoo bibi! Huku unabembeza hewa, unajichosha bure. Njoo Tunduma. Chapwa, uliza Salum wa malori, nyumba ya geti jekundu. Mtoto huyu hapa, umlee mpaka uchoke. Karibu sana!"

Fauzia akamfinya. Yule mama wa Kiomani hakucheka. "Bwana, kwenu karibu mnaitupa hivyo?"

"Kwetu karibu ni bure, mama."

Wakati wa kutoka, Fauzia aligeuka nyuma. Kamba ya susu, aliyoiona imelegea, ilikuwa imekazwa.

Sasa uani kwa Salum kulikuwa na mpangaji, Teresia, Mndali wa Ileje, muuza viazi, mdomo mwepesi na roho safi. Ndiye aliyekuwa akimshikia Fauzia mtoto akienda sokoni. Siku ile ya mlio wa kubembea, alasiri, alikuja jikoni amenuna.

"Dada Fauzia, bibi yenu ana maringo huyo! Nimempa shikamoo mara mbili, ananiangalia kama mimi ndoo."

"Bibi yupi?"

"Si yule wa ushungi mweusi, anayembembeleza Raudha. Amekuja lini? Ndiye mama mkwe?"

Fauzia alishika ukingo wa meza. Alipata neno moja tu, "Mgeni," akamwacha Teresia pale na kukimbilia chumbani, akamkuta mtoto peke yake, macho wazi, anaangalia pembe ya ukuta na kutabasamu.

Salum alipoambiwa, alishusha sauti kwa mara ya kwanza tangu amwoe, lakini dharau haikushuka.

"Mwambie Teresia ni shangazi yangu wa Dar."

"Baba Raudha, mimi naogopa, na wewe unanifundisha kudanganya?"

"Yule akijua, kesho soko zima linajua nyumba ya Salum ina jini. Watu wa viazi wale! Mwambie shangazi, basi."

Akamwambia shangazi. Teresia akasema, "Kumbe! Ndiyo maana anafanana na Baba Raudha, mashavu yale yale," akacheka kwa nguvu, akaenda zake.

Kisha mtoto akakataa ziwa. Siku ya kwanza Fauzia alidhani ni mafua, kwa sababu Juni Tunduma ni baridi na watoto wote wanakohoa, lakini Raudha hakukohoa, wala hakulia, wala hakukonda, alinawiri, alinenepa mashavu na mapaja, na kila mama yake alipomweka kifuani aligeuza uso kama mtu mzima aliyeshiba anayesogezewa sahani ya jirani, na mdomoni mwake, Fauzia alipomnusa, kulikuwa na harufu ya chumvi, na pembeni mwa midomo ute mweupe uliokauka ukawa chumvi yenyewe, akaugusa kwa ulimi akatema, akamwita mwanawe kwa jina, Raudha, Raudha mama, na mtoto akageuza kichwa, hakumwangalia yeye, akaangalia pembe ya ukuta.

Hapo akaelewa. Yule hakuja kumuua mtoto. Alikuja kumlea, na kila siku inayopita mtoto anakuwa wake.

Mchana mmoja akaamua kutotoka chumbani. Akajilaza kitandani, mtoto pembeni yake, akajifanya amelala. Ikaanza, ngwee, kimya, ngwee, kimya, halafu ikakoma, na hatua zenye maji zikazunguka chumba taratibu, zikasimama kwenye kabati, zikasimama kwenye dirisha, zikasimama kwenye picha ya harusi, kama mtu anayetembezwa kwenye makumbusho, na sauti ya kizee ikasema, karibu kabisa na sikio la Fauzia:

"Hii nayo ni ya kuonyesha watu?"

Fauzia akambana mtoto ubavuni.

"Kitanda cha chuma," ile sauti ikaendelea, bila hasira, kwa kuchoka tu na ushamba wa watu. "Mtoto wa mtu analazwa juu ya chuma kama mzigo wa lori. Na maziwa yako, maji matupu. Nilidhani nimealikwa kwa watu."

Fauzia alipiga kelele mpaka Teresia akaja mbio na mwiko, akaambiwa ni panya. Hakukuwa na mtu. Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji, na maji yenyewe yalikuwa na tope.

Salum alipoziona nyayo hizo hakutaja bomba la choo. Alikwenda mwenyewe kumfuata Shehe Sufiani, muuza betri za magari karibu na mpaka, ambaye watu walimfuata kwa mambo ya namna hii ingawa hakuna aliyempenda, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mchungu. Shehe aliingia sebuleni, akatazama makochi yaliyoachwa kwenye nailoni zake, akaamua kusimama. Akasikiliza kisa chote mpaka mwisho.

"Mimi hufukuza waliovamia," akasema. "Nawasomea, wanalia, wanatoka. Huyu hakuvamia. Umemtajia mji, ukamtajia mtaa, ukamtajia na rangi ya geti. Mjomba wangu mwenyewe sijawahi kumwelekeza hivyo."

"Ilikuwa utani, shehe," Salum akanong'ona.

"Wewe una lori na huna adabu. Anayo yeye, ndiyo maana amekuja alipoitwa. Haya, kwenu mgeni akitaka kuondoka mnafanyaje?"

Fauzia ndiye aliyejibu. "Tunamsindikiza."

"Afadhali nyumba ina mtu mmoja. Mtampa cha njiani. Mzigo wake ataubeba huyu huyu aliyemwita, kwa mkono wake. Mtamfikisha barabarani, upande wa kwenda Mbeya, ndiko kuliko na bahari. Mtamwambia kwaheri. Kwaheri tu, mnanisikia? Asiongeze mtu neno. Na mtoto asiwepo pale, asije akaombwa."

Fauzia akaweka kwenye kikapu mkate, tende na chupa ya maji. Raudha akampeleka uani kwa Teresia. Mikono yake haikutaka kumwachia.

"Mshike, usimweke chini. Tunamsindikiza shangazi."

"Anaondoka? Asalimie Dar," Teresia akasema, akamchukua mtoto. "Na huko akajifunze kuitikia shikamoo!"

Fauzia alitaka kusema ukweli. Neno lilikuwa ulimini. Nyuma yake Salum akakohoa, kikohozi kile cha kumkumbusha, naye akalimeza.

Mlangoni mwa chumba Salum alisimama, jasho linamtoka kwenye baridi ile, akasema kama alivyofundishwa, "Bibi, twende tukusindikize." Kikapu kikawa kizito ghafla, mkono ukavutwa chini.

Wakatoka. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wamekaa kivulini mwa matairi wanapika ugali, na mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, akapaza sauti kumsalimia kwa lugha ya kwao, "Bwana Salum, mulishani! Leo umekuwa kuli?" wenzake wakacheka, na siku nyingine Salum angemjibu akome, lakini leo alipita kichwa chini na kikapu chake, Fauzia ubavuni, shehe nyuma anasoma kimyakimya, na katikati ya Salum na mkewe, kwenye vumbi jekundu, zikawa zinatokea nyayo za maji moja baada ya nyingine, na yule dereva aliyekuwa anacheka akanyamaza, akasogeza kigoda chake kumpisha mtu wa nne ambaye hakumwona, wala hakujua kwa nini anasogeza.

Kwenye kalavati la mwisho nyayo zikasimama.

"Nyumba yenu mbaya," ikasema ile sauti. "Choo kinanuka. Baba hana haya, mama hana maziwa. Lakini mtoto mzuri."

"Kwaheri, bibi," Fauzia akasema. Aliisikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu mwingine.

Kikapu kikawa chepesi. Kiliruka juu mkononi mwa Salum, kikiwa kitupu, mkate hamna, tende hamna. Harufu ya chumvi ikaanza kupungua. Fauzia alihisi maziwa yanashuka, yanalowesha nguo, akataka kucheka na kulia pamoja.

Na Salum, mtu ambaye hajapata kumshukuru mpishi wala kumwitikia mpangaji, mtu aliyedharau kinu cha watu na picha za watu na watu wenyewe, alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na kwa hofu ile adabu zote alizofundishwa na mama yake utotoni zikamtoka kinywani kwa mara moja.

"Kwaheri bibi, asante sana bibi, utusamehe kwa yote. Karibu tena."

Shehe Sufiani aliacha kusoma. Alimtazama Salum kwa muda, kama anavyotazama betri iliyokufa, kisha akatema mate chini, akageuka na kuondoka bila kuaga.

Fauzia hakumngoja mtu. Alivua viatu akakimbia, akapita malori, akapita madereva, ushungi umeanguka mabegani, watu wanamwita na yeye haitikii, akasukuma geti jekundu kwa mabega yote mawili.

Teresia alikuwa amechuchumaa uani anaosha viazi. Mikono yake miwili ilikuwa ndani ya beseni.

"Raudha yuko wapi?"

"Dada, mbona unahema hivyo? Yuko ndani na shangazi." Teresia akatikisa maji mikononi, anatabasamu. "Leo ana raha huyo, kaniitikia! Nikamuuliza mbona amerudi upesi, akasema Baba Raudha mwenyewe kamwambia karibu tena. Basi nikampa mtoto wake."

Kutoka chumbani ikasikika, ngwee, kimya, ngwee, kimya. Kisha kicheko cha Raudha, kirefu, cha mtoto aliyeshiba.