Honi Tatu

Haya yalimkuta shoga yangu, mjane, na yule hana akili ya kutunga uongo. Gari la marehemu mumewe liliibwa, likaja kuokotwa vichakani limenyofolewa betri na taa. Akaapa mwizi atamjua, hata akiwa wa damu.

Siku mkaguzi wa bima alipokuja kulikagua gari, mjane alikwenda karakana na shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeng'ang'ania kumsindikiza. Umeme ulikuwa umekatika, ndani giza kama tumbo la chungu.

"Shemeji, pokea fidia yaishe," akasema yule bwana. "Mwizi hapatikani tena."

"Una haraka gani? Kwani umeambiwa nimechoka kumtafuta?"

Shemeji alipogusa tu mlango wa dereva, honi ikalia mara tatu, fupi fupi. Hivyo ndivyo marehemu alivyokuwa akimwita mdogo wake getini, miaka yote.

Mkaguzi akadondosha kalamu. Shemeji akarudi nyuma, jasho linamtiririka.

"Panda, shemeji," mjane akamwambia, huku akimfungulia mlango. "Kaka yako hapendi kungojeshwa."

Fundi wa karakana alisimama ukutani. Mkononi alishika honi ya gari lile, aliyoifungua tangu asubuhi, nyaya zake zikining'inia.