Ubavu wa Kompyuta ya Ipuli

Kompyuta ilikutwa asubuhi imelazwa kwenye sakafu ya darasa, chuo cha ufundi pale Ipuli, matumbo nje kama mbuzi wa sikukuu. Diski ilikuwepo. Hata feni na vumbi lake ilikuwepo. Kilichoibwa ni bati la ubavuni tu.

"Mwizi wa ubavu," alisema Konstebo Mfaume. "Afande, huyu anataka kuumba Hawa wake."

Inspekta Elieth Shigela alimtazama mpaka akanyamaza. Kisha akamgeukia Mwalimu Wilbroad, aliyefundisha kompyuta hapo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Bati hilo lilikuwa na nini?"

"Stika ya leseni ya programu. Ina namba."

"Bila stika mashine haiwaki?"

"Inawaka. Ila mkaguzi akija, huna cha kumwonyesha kwamba programu yako si ya wizi."

Wakati anajibu, kiatu chake kilisogea taratibu kuelekea chini ya meza. Inspekta alikiona.

"Inua mguu, mwalimu."

Chini ya soli palikuwa na kifuniko cha soda, na ndani yake skrubu za bati, zimelala pamoja.

"Mwizi gani anatunza skrubu?"

Mwalimu alirudisha kiatu nyuma.

"Nani anafundisha watu kuziweka kwenye kifuniko?"

"Mimi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeombwa kumtaja mwanawe.

Dirisha la nyuma halikuvunjwa. Komeo lake lilifunguka ukilipiga kiganja pembeni, jambo lililojulikana kwa wanafunzi waliowahi kuchelewa. Na katika wanafunzi wa Wilbroad, mmoja tu alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta mtaani hapo. Mathias Ngollo.

Walimkuta kibandani, bati liko mapajani, wembe mkononi. Pasi ya kulainisha gundi ilikuwa bado ya moto. Stika ilikuwa imechanika katikati ya namba.

"Unapiga pasi bati?" Mfaume aliuliza. "Unakwenda nalo kanisani?"

"Mfaume, kaa nje." Inspekta alivuta kigoda. "Mathias, unajua kwa nini nimekuja?"

"Najua, afande."

"Stika ya nani hiyo?"

"Ya chuo. Niliichukua usiku."

"Ya nini kwako?"

Alionyesha kompyuta kwenye kona, kasha jipya linang'aa. Ilikuwa ya kikundi cha wafuga nyuki wa Ulyankulu. Ilianguka kwenye bodaboda, kasha likapondeka. Mathias alihamisha bodi na diski, kila kitu kikawaka. Kasha bovu akawapa mafundi majiko, kama anavyofanya na kila bati. Stika ilikuwa juu yake. Wenye mashine walipoikumbuka, ubavu ule ulishakuwa jiko, linachemsha maharage ya watu.

"Ukawaeleza?"

"Nilimweleza katibu wao, mama Consolatha. Akasema nimeuza leseni yao, nikawawekea programu ya magendo. Alisema mbele ya wateja, afande. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniletea hata redio. Na leo alikuwa arudi na wenzake, nimwonyeshe stika au anitangaze mpaka kwao."

"Kwa hiyo ukaiba ya chuo."

"Niliiba ili nisiitwe mwizi."

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyo.

"Namba ya mashine nyingine ingekusaidia nini?"

"Yule katibu haijui namba yao. Alitaka kuona stika tu." Mathias alitazama karatasi iliyochanika. "Nayo imekataa kubanduka."

Kituoni mwalimu aliitwa kulitambua bati. Mathias alisimama haraka.

"Shikamoo, mwalimu."

Mzee alilipokea bati kwanza. "Marahaba." Akaligeuza bati, akaona mchaniko. "Ungepita mlangoni, Mathias, tungekwenda wote Ulyankulu. Yule mama ningemweleza mimi. Kukosea nako ni sehemu ya ufundi."

"Niliona aibu. Ulishawaambia wadogo zangu pale darasani kwamba mimi ndiye fundi wako."

Inspekta alifungia kifuniko cha soda kwenye mfuko wa vielelezo. Wilbroad akamzuia mkono, akachungulia ndani, midomo yake ikihesabu skrubu.

"Zimetimia," alisema. "Andika na hilo, afande. Hakupoteza hata moja."