Nundu ya Jumbe

Katika enzi za majumbe, kabla bendera za kigeni hazijapandishwa pwani, mji wa Vumbani ulikuwa na cheo kilichochakaa kama kilemba cha kurithi: akida. Babu yake Mwanatumu alipokuwa akida, alitangulia mbele ya mikuki. Baba yake alipokishika, vita vilikuwa vimekwisha, akida akawa mpanga ngoma. Kilipomfikia Mwanatumu mwenyewe, wazee walimpa bila ubishi, kwani ilikuwa imebaki kazi moja tu: kumkata ng'ombe wa karamu na kumpa kila mkubwa fungu lake. Mbavu za waziri, ulimi wa khatibu, nundu ya jumbe. Nundu haikupata kuliwa na mwingine.

Ndipo Mwinyi Shekuwe, mbabe wa vita kutoka bara, alipouzingira mji kwa magobore sabini na mikuki isiyohesabika. Siku ya tisa visima vilitoa matope, na tarishi wake akapaza sauti nje ya boma:

"Mtoeni akida! La sivyo tunachoma!"

Jumbe Kivugo akamgeukia Mwanatumu. "Unaitwa."

"Naitwa kufanya nini, Bwana Jumbe? Kupigana, kucheza au kukata nyama?"

"Akida ni mtu wa vita," alisema Jumbe, akimkwepa macho.

"Tangu lini? Nilipoomba kiti barazani mliniambia akida ni kisu cha jikoni."

Jumbe aliwaashiria walinzi. Lango likafunguliwa kiasi cha mtu mmoja kupita.

Mwanatumu alitoka amejifunga kaniki, kisu mkononi, asijue anakwenda kuwa nani. Shekuwe, ndani ya joho jekundu, alimtazama akaangua kicheko.

"Nimeita akida, nimeletewa mpishi!"

"Ndimi akida."

"Kwetu akida ndiye hukatwa kichwa mji ukishindwa."

Mwanatumu alimwonyesha kisu. "Kwetu akida ndiye mkataji, Bwana."

Kicheko kikaenea jeshi zima. Shekuwe alifuta machozi, akaonyesha ng'ombe wa Vumbani aliyetekwa malishoni, ameshachinjwa na kuchunwa. "Basi tukatie. Tule kwanza, kichwa chako baadaye."

Akakata. Mikono ilijua kazi yake, moyo ukatulia, mpaka alipofika kwenye nundu.

"Mkubwa wenu nani?" aliuliza, na hakuuliza kwa hila.

"Huoni joho?" alifoka Shekuwe.

Joho aliliona. Lakini wenye mikuki wote walikuwa wakimtazama mzee mmoja mkimya, Dosa, ami yake Shekuwe. Wenye magobore walimwelekea Shekuwe, wenye mikuki walimwelekea mzee. Mwanatumu alichanganyikiwa, akasimama na lile pande la nyama mkononi kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Kisha akaelewa: wao wenyewe hawajui mkubwa wao ni nani. Akaiweka nundu mbele ya Dosa.

"Hata mgeni ameona!" walipiga kelele wenye mikuki.

Shekuwe aliinyakua nundu. Mpini wa mkuki ukamshukia mkononi, gobore likalia, na Mwanatumu akarudi langoni kwa miguu yake, kichwa chake kikiwa kimesahauliwa na kila mtu. Kabla jua halijatua, jeshi lilikuwa limegawanyika mapande mawili yanayokimbizana kuelekea bara.

Vumbani walimpokea kwa vigelegele. Jumbe akavinyamazisha.

"Umetuokoa, binti. Lakini nundu ni ya jumbe, nawe umemtawaza mgeni mbele ya lango langu. Piga goti, omba radhi, nikuachie cheo chako."

"Cheo kipi, Bwana Jumbe? Cha mkuki, cha ngoma, cha kisu, au cha kichwa kinachokatwa?"

Wazee walitazamana. 

"Omba radhi," Jumbe alirudia, safari hii kwa sauti ndogo.

Mwanatumu alifuta kisu kwenye kaniki, upande huu, upande ule.

"Siombi."