Kabla ya Jembe, Pima Udongo

Verlene Pruitt alifanya kazi katika kiwanda cha maboksi mjini Detroit. Kila asubuhi, akitoka kwenda kazini, alikiona kile kiwanja kitupu mbele ya nyumba yake, na kila asubuhi alisonya. Nyumba iliyokuwa pale iliungua zamani, ikabomolewa. Kilichobaki ni magugu, matairi na makochi mabovu yaliyotupwa na watu wasio na haya.

Mboga mbichi ziliuzwa mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mjukuu wake Jolene, mtoto wa miaka minne, alizipata kwa nadra.

Mwaka huo kiwanda kilitangaza jambo. Kila mfanyakazi angepewa siku moja yenye malipo akajitolee mtaani. Siku moja tu kwa mwaka! Saa ya chakula, Verlene akapanda juu ya kiti.

"Jamani, njooni kwetu! Baraza la mji limeshanipa ruhusa. Tulime bustani ya mtaa mzima!"

"Kwani kutakuwa na nyama?" aliuliza Lonzo, dereva wa foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, mtu asiyeishiwa maneno.

"Kutakuwa na sukuma, bwana. Utakula mpaka ujirambe vidole!"

Watu wakacheka. Kumi na wanne wakajiandikisha.

Ijumaa ya mwisho wa Mei walifika na majembe, reki na mashine ya kulimia. Verlene alikuwa na furaha isiyo kifani. Miche ya sukuma na nyanya ilijaa barazani kwake. Lonzo akainama, akaiwasha mashine.

"Zima hiyo! Zima nimesema!"

Alikuwa Mzee Odell Whitlow, jirani yake Verlene, mwenye miaka themanini na kitu. Alivuka barabara na mkongojo wake, akasimama mbele ya mashine.

"Mzee, sogea kidogo tukulimie mboga," Lonzo alisema.

"Mboga gani hapa? Nyumba ya hapa niliipaka rangi mimi, ndani na nje, nikiwa kijana wa miaka ishirini. Rangi za siku zile zilitiwa madini ya risasi. Ile ni sumu. Nyumba imeungua, imebomolewa. Unadhani rangi ilikwenda wapi? Imo humu humu kwenye udongo!"

Verlene alipandwa na hasira. Watu wote hawa wamekuja, halafu mzee anawaharibia!

"Mzee Whitlow, mbona hukusema mapema?"

"Uliniuliza? Uliuliza baraza, uliuliza kiwanda. Mimi jirani yako hukuniuliza hata siku moja."

Verlene alimwashiria Lonzo azime mashine. Mzee akapoa kidogo, akaeleza.

"Risasi haionekani, wala hainuki. Mtoto akichezea udongo wenye risasi kisha akatia vidole mdomoni, inaingia mwilini. Inadhuru ubongo wake. Na mkitifua na mashine hii, vumbi litaingia majumbani mwenu."

Verlene akageuka. Jolene alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa kiwanja, akifinyanga keki za udongo. Alimbeba mbio, akamnawisha kwa sabuni, akambadilisha nguo. Jumatatu yake alimpeleka kliniki akapimwe damu. Alimshukuru Mungu alipoambiwa mtoto ni mzima.

Siku ile hawakulima. Mzee aliwafundisha kuchukua udongo sehemu nyingi na kuuchanganya. Udongo wa pale kuta ziliposimama waliutia mfuko wa peke yake, maana rangi hudondokea hapo zaidi. Mifuko ikapelekwa maabara. Kisha walivaa glavu, wakanyunyiza maji kuzuia vumbi, wakaondoa matairi na makochi. Jioni ikafika, na siku yao ya kujitolea ikawa imekwisha.

Baada ya wiki mbili majibu yalikuja kwa barua. Risasi ilikuwa nyingi, hasa pembeni mwa kuta. Verlene aliketi barazani na ile barua, machozi yakimlengalenga. Miche ilianza kunyauka.

"Unalilia nini?" Mzee Whitlow alimuuliza. "Msilime chini. Limeni juu! Funikeni ardhi kwa maboksi ya kahawia, yasiyo na utepe wa plastiki wala rangi ya kung'aa. Juu yake tandikeni kitambaa cha bustani, kile kinachopitisha maji. Halafu wekeni masanduku ya mbao mpya, myajaze udongo safi na mboji. Kwenye vijia vya katikati mwageni vipande vya miti, vumbi lisipande."

"Lakini siku yetu imekwisha, Mzee. Nani atakuja Jumamosi bila malipo?"

"Waulize. Kuuliza si ujinga."

Kesho yake, saa ya chakula, Verlene alipanda tena kitini, akawaeleza wenzake kila kitu, akawaomba waje Jumamosi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akaona aibu, akataka kushuka kitini.

"Umesema maboksi ya kahawia?" Lonzo aliuliza. "Yale mabovu tunayoyatupa kila siku?"

"Hayo hayo."

"Kumbe tumekuwa tukitupa bustani, jamani!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Msimamizi wao akaruhusu maboksi mabovu yachukuliwe yote.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, barabara ilikuwa tupu. Verlene alisimama peke yake, roho juu. Mara pikapu ya Lonzo ikakata kona, imejaa maboksi pomoni. Nyuma yake gari jingine. Na jingine! Walijiandikisha kumi na wanne, walikuja ishirini na sita, wengine na waume na wake zao. Verlene alipiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Siku hiyo walifunika ardhi, wakapanga masanduku, wakapanda. Kufikia Agosti masanduku yalifurika sukuma, nyanya na bamia. Mboga zilioshwa vizuri kabla ya kupikwa. Watoto walinawa mikono, na viatu vya bustani viliachwa mlangoni. Lonzo alikula sahani tatu, na hakuna aliyemsikia akitaja nyama.

Mzee Whitlow alipewa fungu la kwanza la sukuma. Alilishika kwa mikono miwili.

"Siku zile sikujua kwamba rangi ile ni sumu," akasema. "Nilipaka nyumba nyingi mtaa huu, Verlene. Tatu kati ya hizo sasa ni viwanja vitupu, na watoto wanacheza humo."

Verlene alimshika mkono.

"Twende ukanionyeshe, Mzee," akasema. Akaingia ndani kuchukua mifuko ya kutilia udongo wa kupima.