Mikono Miwili Iliyokosekana Alhamisi

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa na raha yake. Mume alikuwa kinyozi, mke mshonaji, na mama mzazi wa mume aliishi nao. Kila asubuhi bibi huyo ndiye aliyewasha jiko la gesi na kuchemsha chai, mkwewe akifungua cherehani na kinyozi akitafuta viatu alivyovivua mwenyewe jana yake.

"Mume wako huyu," bibi alimtania mkwewe, "kichwa chake kisingeshikiliwa na shingo, tungekitafuta nacho."

Nyumba hiyo ilikuwa na kadi tatu za uanachama wa gazeti la mtaa. Gazeti lenyewe halikuwa la tajiri yeyote. Lilikuwa la ushirika, na bibi alikuwa mmoja wa waanzilishi. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, kabla ya kurasa kupelekwa mtamboni, mhariri aliwasomea wanachama habari kubwa za wiki. Mwenye pingamizi alisimama akalisema, mikono ikanyooshwa, na upande wenye mikono mingi ukashinda. Miaka ya mwanzo ukumbi ulifurika.

Magoti ya bibi yalipogoma, aliwaagiza wanawe waende badala yake. Walikwenda mara tatu nne. Baadaye mshonaji akabanwa na oda za sare, kinyozi akanogewa na mpira kwenye televisheni ya jirani. Wakajiambia wengine watakwenda. Na hao wengine, ndugu zangu, walikuwa wakijiambia hivyo hivyo. Ukumbi ukabaki na viti vitupu na watu kumi hivi, na baadhi yao walifika kwa sababu tu walikuwa na jambo la kuficha.

Kumwambia mama ukweli, wakaona haya. Kwa hiyo kila Alhamisi mshonaji alirudi kutoka kwenye kibanda chake cha kushonea na habari za kubuni: barabara itachongwa, shule itapakwa rangi. Bibi, ambaye macho yake hayakuweza tena kusoma gazeti lenyewe, alisikiliza kwa furaha kama mtu aliyeletewa barua.

Jumatano moja mhariri alifika mwenyewe kibandani.

"Dada, kesho njooni wewe na mumeo. Nina habari nzito, na kuna watu hawataki itoke. Nahitaji mikono."

"Habari gani hiyo?"

"Sheria yetu hainiruhusu kuisema kabla ya kusomwa. Njooni tu, nakuomba."

"Tutakuja, dada. Usiwe na wasiwasi."

Alhamisi hiyo akaja mteja wa gauni la harusi, na kinyozi akaitwa kwenye mpira. Ukumbini mhariri alisoma habari ya muuza mitungi ya gesi wa mtaa huo huo, mwanachama mwenzao. Mitungi yake ilikuwa imechakaa, valvu zinavuja, na jiko moja lilikwisha kulipuka. Muuza mitungi akasimama, shemeji zake na marafiki zake, watu watano kwa jumla, wakiwa nyuma yake.

"Mnataka kuniharibia jina kwa maneno ya kuokoteza?" akafoka.

Mikono sita ikanyooshwa kuizuia habari, mitano kuitetea. Habari ikafungiwa kwenye droo ya meza.

Jioni ile bibi alikuwa akimsubiri mkwewe.

"Umetoka kusomewa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kuna lolote kuhusu gesi? Mtungi huu tuliobadilishiwa juzi kwa muuza mitungi wetu unanuka tangu jana, na jirani naye analalamikia wake."

Mshonaji alikumbuka ombi la mhariri. Lakini angesemaje sasa kwamba hakwenda, wala hajakwenda kwa mwaka mzima?

"Hakuna, mama. Ni habari za kawaida tu."

"Basi ni pua ya uzee," bibi akacheka. "Ingekuwa hatari, gazeti lingesema."

Kulipokucha mshonaji alikuwa uani akifua nguo aliposikia kishindo. Alikimbilia jikoni akamkuta bibi sakafuni, kanga yake ikiwaka. Aliuzima moto kwa mikono yake na kwa ndoo ya maji ya kufulia, akipiga mayowe mpaka majirani wakafika.

Bibi alikaa hospitali siku tatu, amefungwa bandeji hadi shingoni. Siku ya pili aliuliza kwa sauti ndogo kama gazeti limetoka. Kinyozi akatoka nje ya wodi akalia kama mtoto. Siku ya tatu bibi akafariki.

Baada ya mazishi mhariri alikuja kuwapa pole, na hapo ndipo mke na mume waliposikia hesabu ya ile mikono. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba miwili iliyokosekana ilikuwa yao.

"Wiki hii habari itatoka," mhariri alisema. "Watu wote sasa wanaitaka. Naomba kuuliza jambo moja. Marehemu alijua kuwa mtungi una hitilafu?"

"Dada, tuseme ilikuwa ajali," kinyozi aliomba.

Mshonaji alitazama mikono yake iliyofungwa bandeji.

"Aliniuliza," akasema. "Nikamwambia nimetoka kusomewa na hakuna neno. Aliniamini mimi, akaliamini na gazeti lake, ndipo akawasha jiko. Andika hivyo hivyo, na useme ni mimi."

Mhariri aliandika, machozi yakimdondokea kwenye karatasi.

Funzo

Ndugu zangu, muuza mitungi ana dhambi yake na anaijibu mahakamani. Mimi leo nazungumza na sisi tulio wazuri. Kitu cha ushirika hakilindwi na kadi iliyowekwa kabatini; kinalindwa na mtu aliyeacha shughuli zake akaenda kukaa kwenye kiti chake. Tusipokwenda, wenye hila watakwenda, na watapiga kura kwa jina letu. Na ukishindwa kwenda, basi sema hukwenda. Aibu ya kukiri ingedumu jioni moja. Mshonaji huyu sasa huenda kila Alhamisi, hukaa mbele kabisa, na anaporudi nyumbani hakuna anayemuuliza kumesomwa nini.